Huondoki Mpaka Upokewe

Jumapili, 2 Machi

Mvua imeanza leo, mimi nimeanza leo, na kaka yangu kaanza kunitukana leo. Tutaona nani atachoka kwanza.

Nimemwambia mezani, mbele ya wifi. Jeshi linachukua wauguzi wa kiraia, linawapeleka mafunzo ya uofisa, wanatoka na nyota begani. Jina langu limepita hatua ya kwanza. Usaili ni mwisho wa Aprili, na mwakani nitakuwa nimepita umri, kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena. Nikamwomba anifunze. Amestaafu na usajenti wake baada ya kupigisha kwata makuruta mpaka sauti ikamkauka. Nani mwingine nimwombe?

Aliendelea kutafuna. Kisha akasema, "Maisha yangu yote nimepigia saluti vijana wasiojua hata kunyoa ndevu. Sasa na wewe niliyekufuta makamasi?"

Wifi akacheka kwa pua.

"Kaka, umeshastaafu," nikamwambia. "Nani atakulazimisha kunipigia saluti?"

"Mkono utapanda wenyewe. Mkono wangu naujua." Akasukuma sahani. "Kesho alfajiri, uani. Ukichelewa usinijie tena na habari hizo."

Jumatatu, 3 Machi

Kanikimbiza kwenye matope mpaka nikatapika. Halafu kaniambia nisafishe ua.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia na Sista Mkuu, mwenye wodi yetu. Alikuwa anahesabu mashuka. Hakuacha kuhesabu.

"Jeshini," akasema. "Wewe. Unayelia mgonjwa akikutukana."

Nililia mara moja, mwaka wa kwanza wa kazi. Yeye hasahau kitu.

"Wewe ni wa nne kunikimbia," akaendelea. "Mmoja kaenda kuuza dawa, mmoja kaolewa, mmoja hata kuaga hakuaga. Zamu nzima sasa ina muuguzi mmoja na mhudumu. Na wewe unataka kwenda kuvaa buti. Haya. Ratiba ya zamu naipanga mimi, tutaonana."

Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na kwa hilo sina budi kumheshimu, lakini kumpenda ng'o. Kawatia watu wote wa wodi hii sheria moja kichwani mpaka tunaiota. Zamu ikibadilika, anayetoka na anayeingia wanapita kitanda kwa kitanda. Anayetoka anaeleza, anayeingia anauliza, kisha anasema "Nimepokea." Ukishatamka hilo neno, mgonjwa ni wako, akifa ni wako, akipona ni wako. Na usipopata wa kulitamka, hutoki. "Huondoki mpaka upokewe," ndiyo sala yake ya asubuhi na jioni. Kuna mwenzetu aliwahi kuondoka kabla ya kupokewa, akafukuzwa kazi na leseni akanyang'anywa. Sista Mkuu mwenyewe ndiye aliyempeleka mbele ya wakubwa, na jioni yake alikula vizuri tu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo sauti. Nilidhani itakuwa nafuu kuliko kukimbia. Kumbe!

Kaka anasema amri ina vipande viwili, katikati kuna kimya. "Mbele," halafu kimya, halafu "tembea." Kipande cha kwanza kinauamsha mwili. Kimya kinaushika. Cha pili kinauachia. Ofisa asiyejua kukaa na kile kimya, anasema, ni mtu anayepiga kelele barabarani.

Akasimama wima katikati ya ua, mvua ikimpiga utosini. "Nigeuze."

"Nyuma, geuka!"

Hakugeuka. "Unanibembeleza. Mimi si mgonjwa wako."

"Nyuma! Geuka!"

"Sasa unalia."

Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kaka kasimama tu kama nguzo ya umeme, maji yanamtiririka puani. Hatimaye wifi akaita kutoka jikoni kwamba chai tayari, na bwana mkubwa akageuka, akaingia ndani. "Chai ina amri kuliko wewe," akanitupia bila kutazama nyuma.

Nimemchukia leo kwa moyo wangu wote.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Matope. Matusi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepangiwa zamu za usiku tena, wiki nzima. Natoka wodini macho yamevimba, nafika nyumbani Sajenti ananingoja uani kavaa koti la mvua. Nimeanza kumwita Sajenti humu, maana kaka ni mtu mwingine, yule aliyekuwa ananibeba mgongoni kuvuka mtaro. Huyu simjui.

Anayenipokea asubuhi ni mwenzangu tunayemwita Kesho, kwa kuwa kila ukimwomba kitu anakwambia kesho. Hana ubaya. Ila mbele ya Sista Mkuu hana hata ulimi.

Jumatano, 19 Machi

Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, kuna mzee aliyevunjika paja, mguu umening'inizwa. Tunamwita Baba Dirisha. Anajua nani kaingia wodini, nani katoka, na nani kavaa nini. Leo kaniita kwa kupiga vidole, pap pap, kama anaita paka.

Nikaenda. Nilikuwa nimeshika beseni la matapishi ya mtu mwingine, na bado nikaenda. Hilo ndilo linaloniuma. Daktari akinipigia mluzi, nakwenda. Ndugu wa mgonjwa akinishika bega, nakwenda. Nikiona mtu anazidiwa, nasema "samahani daktari, tafadhali daktari, kama una nafasi daktari," na moyo wa mgonjwa haujui kungoja tafadhali. Watu wananiuliza jeshini nafuata nini. Nafuata hilo. Nataka mara moja katika maisha yangu niseme jambo na lifanyike.

Nimemwambia Baba Dirisha akinipigia vidole tena nitaviweka kwenye plasta vyote kumi. Kacheka mpaka mguu ukamuuma.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemgeuza.

Sikukusudia. Usiku tulipoteza mtu, kijana wa ajali, na mimi ndiye niliyemfunga taya na kumsubiri mama yake. Nilifika nyumbani sina hata mate. Sajenti akaanza wimbo wake: miguu ya bata, mabega ya gunia, huko watakucheka. Sikuwa na nguvu za kumjibu wala za kukasirika. Nilimtazama tu. Nikasema kwa sauti ndogo, kama ninayemwambia mtu afunge mlango, "Nyuma." Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilichoka, si kwa ufundi. Halafu nikasema, "Geuka."

Akageuka. Kisigino kikapiga kisigino, mgongo ukawa kwangu, mvua inaurukia.

Akakaa hivyo kitambo. Aliporudisha uso, sikuuona uso wa mwalimu aliyefurahi. Niliona mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Ijumaa, 28 Machi

Hasemi nami.

Jumamosi, 29 Machi

Hasemi. Kahamishia kiti chake upande mwingine wa meza.

Alhamisi, 3 Aprili

Kaanza tena, na makali yameongezeka. Kukimbia na begi la mchanga, kujibu maswali nikiwa nimening'inia kwenye bomba la uani, kulala chini na kuinuka mpaka nione nyota za mchana, ambazo si nyota nilizotaka.

Wifi kanivuta jikoni, kanieleza bila kuulizwa. Kumbe Sajenti alikwenda kwenye usaili wa uofisa mara tatu ujanani. Kila mara walimrudisha: elimu haitoshi. Mara ya tatu aliyemwambia hivyo ni kijana ambaye Sajenti mwenyewe alimfunza kufunga kamba za buti.

"Usimwone mkali," wifi akasema. "Roho yake ina kidonda."

Vidonda mimi nasafisha kila siku, na wenye vidonda wengine ni waungwana. Nimemwelewa. Bado simpendi.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeomba ruhusa ya tarehe 29, siku ya usaili. Sista Mkuu kanitolea macho.

"Ruhusa hakuna. Usiku wa kuamkia siku hiyo uko zamu."

"Sista, lango la kambi linafungwa saa tatu asubuhi."

"Na zamu yako inaisha saa moja. Kesho akifika, akakupokea, nenda kapige risasi. Nimekuzuia?"

Anapoongea hivyo anakuwa anakunja shuka, kona kwa kona, taratibu. Natamani nimfunike nalo.

Jumanne, 22 Aprili

Barabara ya chini, ya kwenda kambini, imejaa maji. Sajenti anasema vizuri, jeshi halingoji ukauke.

Jumanne, 29 Aprili

Sitaacha mpaka niandike yote.

Usiku ulikuwa mwema. Nilisafisha kila kitu mapema, kila dripu nimeiangalia, kila karatasi iko mahali pake. Saa moja ikafika. Kesho hayupo. Nikapiga simu, imezimwa. Mvua inapiga bati huwezi kusikia mtu akikohoa. Mhudumu akawa ananitazama, ananikwepa, ananitazama.

Ndipo akaingia Sista Mkuu, mwavuli mkononi, mkavu kabisa.

"Unamngoja nani?"

"Namngoja Kesho, Sista."

"Nimempa mapumziko. Mtoto wa watu amechoka. Wa kukupokea atakuja mchana, nimeomba wodi ya jirani watutolee mtu."

Nilimwelewa papo hapo. Alikuwa amelipanga hili tangu siku ile ya mashuka.

"Nipokee wewe," nikasema. "Wewe ni muuguzi."

"Mimi naongoza wodi. Sipokei vitanda." Akatundika mwavuli. "Lakini mlango huo hapo, sijaufunga. Unataka kwenda, nenda. Unajua yanayompata anayetelekeza wagonjwa."

Nikambembeleza. Naliandika hili kwa hasira: nilimshika mkono nikambembeleza, mbele ya wodi nzima. Nikamwambia mwakani nitakuwa nimepita umri. Nikasema tafadhali. Akautoa mkono wake pole pole, akasema, "Kanyooshe mashuka, kitanda cha pili kimekunjamana," na akanipa mgongo, akaelekea ofisini kwake.

Sijui ni ule mgongo au nini. Kichwani nilimwona Sajenti uani, maji yanamtiririka puani. Machozi yalikuwa karibu na nikayameza. Nikaenda nikasimama mwisho wa kitanda cha kwanza, visigino pamoja.

"Sista Mkuu," nikasema. Sikupaza.

Nikakaa na kile kimya. Kilikuwa kirefu, na kila kitu ndani yangu kilitaka kukijaza kwa samahani.

"Kitanda cha kwanza. Mwanamume, upasuaji wa ngiri, siku ya pili. Kidonda kikavu. Hana homa. Dripu inakaribia kuisha, nyingine iko tayari pembeni."

Miguu yake ilisimama. Hakugeuka bado.

"Mkojo?" akauliza.

"Amepata alfajiri, wa kutosha."

"Maumivu?" Sasa ameshageuka, anakuja, macho yako kwenye dripu.

"Nimemchoma sindano, yametulia."

"Nimepokea."

Wallahi, hakujua amesema. Lilimtoka kama mtu anavyoitikia hodi. Sikumpa nafasi. Kitanda cha pili, kimya, maelezo. Akauliza kuhusu choo, akauliza kuhusu vidonge, nikajibu, akapokea. Cha tatu. Cha nne. Alinisahihisha mahali pamoja kuhusu bandeji, na alikuwa sahihi, nikasema ndiyo Sista. Tulikwenda hivyo upande wote wa kushoto na tukarudi upande wa kulia, yeye nyuma yangu hatua moja, kama tulivyokuwa tukipita nilipokuwa mgeni ila sasa mbele niko mimi. Mhudumu alikuwa kaziba mdomo kwa kitambaa cha kufutia meza.

Kilichobaki ni kitanda cha dirishani. Hapo akasimama ghafla. Niliona linamwingia usoni, polepole, jinsi maji yanavyopenya shuka.

"Wee!" akasema.

"Kitanda cha mwisho," nikasema.

"Wee msichana. Umenifanya nini?"

"Sista, hao wote umeshawapokea," akadakia Baba Dirisha kutoka kwenye mto. "Tumesikia sote. Sasa mimi mnaniacha yatima? Mguu unauma na choo sijapata."

Wodi nzima ikacheka, hata yule wa ngiri, akishika tumbo. Sista Mkuu hakucheka. Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu, na mimi nikamrudishia hiyo hiyo, sikupunguza. Angeweza kukataa. Kitanda kimoja tu, angekataa hicho, nisingeondoka.

Akainama. Akaminya vidole vya mguu wa mzee, kimoja kimoja, akangoja rangi irudi, maana hajawahi kupita mguu ulioning'inizwa bila kuminya vidole.

"Vina joto," akasema, si kwangu. Kisha, akijua kabisa anachosema, kama anayeng'olewa jino: "Nimepokea."

Nikasema asante.

"Usinishukuru. Ondoka mbele ya macho yangu."

Nilikimbia. Hakuna gari lililokuwa linapita barabara ya chini, kwa hiyo niliipita kwa miguu, maji magotini, viatu vyeupe nimevishika mkononi. Nilimtukana Sista Mkuu njia nzima, na nikaishiwa pumzi nikawa namtukana kimoyomoyo. Nilifika kambini askari wa lango ameshashika komeo. Akanitazama sare ilivyojaa matope, akaacha upenyo wa mtu mmoja.

Walikaa watatu mezani. Wa katikati mwanamke, nyota zake sikuthubutu kuzihesabu.

"Ndivyo unavyokuja kwenye usaili?"

"Nimetoka zamu, afande."

"Nani kakupokea?"

Nilishtuka. Sikutegemea kuulizwa hilo na mtu wa buti. "Mkuu wa wodi, afande."

"Kwa hiari yake?"

"Hapana, afande. Ila kapokea vitanda vyote."

Hakutabasamu. Akanionyesha waombaji wenzangu waliosimama dirishani. "Wageuze hao."

Niliwageuza.

Jumatano, 30 Aprili

Mhudumu kanisimulia. Wa wodi ya jirani hakutokea kabisa. Sista Mkuu aliishika wodi peke yake mpaka jioni, dawa, dripu, vidonda. Mchana alivua viatu, miguu imevimba hadi vifundoni, akaendelea pekupeku. Hakumlalamikia mtu.

Nilisikia huruma ikija, nikaifukuza. Angeninyima maisha yangu kwa ajili ya mashuka yake. Halafu nikafikiria: na mimi ningefanya nini, kama wodi ingekuwa yangu na watu wanachuruzika kama maji kwenye kapu? Sijapenda jibu. Yeye na Sajenti ni kitu kimoja, chuma kimoja, na nimekaa katikati yao msimu mzima nikigongwa. Leo asubuhi nilimwambia Kesho "lete hiyo," na akaleta mbio, na uso wake ulikuwa na hofu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua inapungua. Kesho kaniomba radhi. Nimemwambia kesho.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepita. Nimemwambia Sajenti. Akasema, "Hm." Akatoka kwenda kuzibua mtaro ambao haukuwa umeziba.

Ijumaa, 30 Mei

Zamu yangu ya mwisho. Aliyekuja kunipokea ni Sista Mkuu mwenyewe. Tulipita kitanda kwa kitanda, hakuruka hata swali moja, akapokea wote. Baba Dirisha alishatoka na magongo yake, kitandani mwake yuko mwingine.

Tulipomaliza nikasubiri. Sijui nilisubiri nini.

"Wagonjwa nimewapokea," akasema. "Kuondoka kwako sijakupokea, wala sitakupokea. Toka."

Jumapili, 1 Juni

Jua, siku nzima. Begi limefungwa. Wifi kalia, Sajenti kamwambia anyamaze.

Jumatatu, 2 Juni

Naandika haraka, nimekaa juu ya begi, tunangoja kuitwa ndani.

Sajenti kanisindikiza mpaka lango la kambi. Njia nzima hakusema kitu ila kunikosoa ninavyobeba begi. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni tangu tulipotoka nyumbani. Nilidhani anaona baridi, na baridi haikuwepo.

Langoni yupo askari mmoja, kijana, bunduki begani. Nilitaka kumuaga kaka yangu na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikasema, "Haya, kaka." Niliona kiwiko chake kinaruka, mkono unataka kupanda, na jinsi alivyousukuma chini mfukoni mpaka mshono wa suruali ukalia. Hakunitazama. Alimtazama yule askari.

"Muuguzi mmoja," akamwambia, kwa sauti ya uwanjani. "Kifua kizuri. Goti la kulia linalegea mteremkoni. Hasikii akiambiwa mara moja. Hapendi kupigiwa vidole. Akinyamaza kabla ya kusema jambo, lifanye."

Askari akatazama huku na huku. "Unasemaje, mzee?"

Nikajua wifi kamsimulia habari za wodini nilizompa jikoni, maana mimi sikumsimulia. Macho yalinijaa, na nilikasirika kwamba yamejaa mbele ya lango.

"Sema umepokea," kaka akamwambia.

"Mzee, mimi ni mlinzi wa lango tu."

"Nimesema." Akanyamaza. Kimya kile ninachokijua, kimesimama barabarani kati yetu watatu. "Sema umepokea. Siondoki hapa mpaka useme."